Vipande vya Arusi Vilivyorudi kwa Fundi

Salamu kwenu nyote, bale mliokaa na bale mnaosimama kule mlangoni kwa sababu viti vimekosa. Amani ya Mungu ikae katikati yetu. Mtanivumilia, nitasema nikikaa, maana mguu huu wa kuume unachoka kabla ya mdomo. Nimeombwa nitoe ushuhuda, na mimi nimemuomba bibi yangu, huyu niliyemuoa, akae karibu anivute koti nikizidisha maneno. Jina la muntu sitataja hata moja. Balionisaidia banajijua. Bengine nabaona hapa, banaangalia chini kama vile si bo.

Mimi ni fundi wa nguo. Shule nilifika darasa la tatu, kule ng'ambo Bukavu, halafu baba akasema mtoto huyu anaangalia tu mashati ya mwalimu, apelekwe kwa fundi. Njo hivyo nilianza. Nikaoa, tukavuka, tukajenga hapa Kamembe, kando ya barabara inayoshuka mpakani. Nimeshona mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Mnajua arusi zetu: familia inachagua kikwembe kimoja, yaani kitenge cha picha moja, na mashangazi, madada, majirani, bote banavaa sawa. Balikuja kwangu kutoka Giheke, kutoka Nyakabuye, hata mama mmoja alipita mpaka wa Ruhwa akitokea Burundi na mzigo wa vikwembe kichwani. Yule mama, vikwembe vyake vilikuwa na picha za ndege, na ukikosea kukata, ndege banasimama kwa vichwa, na siku ile nilikuwa na haraka... Basi. Koti limevutwa.

Ndugu zangu, nawaambia kwanza jambo moja la kazi yetu, bila hilo hamtanielewa. Mama wa huku akileta kikwembe kwa fundi, anakijua kama anavyojua batoto bake. Akija kuchukua nguo anauliza: na vipande viko wapi? Ukikosa kumrudishia, wewe ni mwizi, na sokoni batasikia kabla haujafunga mlango. Kwa hiyo mimi, kila nguo ikiisha, nilikusanya vipande vyote, hata vya upana wa kidole. Nikavifunga na ukanda wa ukingo, ule wenye kuandikwa jina la kiwanda, nikapiga fundo langu la fundi. Mama anapokea nguo, anapokea na fungu lake, anaenda moyo mweupe. Nyumbani anavifanyia nini? Sikuuliza. Mimi nilitaka tu nisiitwe mwizi.

Asubuhi moja nilikuwa napiga pasi, pasi ya makaa, kwa suruali ya mwalimu mmoja. Pasi ikaniponyoka. Nikasema, nitaiokota. Mkono ukakataa. Niliuangalia kama mkono wa muntu mwingine amesahau hapo. Nikafungua mdomo nimwite bibi yangu, mdomo ukaenda upande. Suruali iliungua yote. Mwalimu hajaniuliza mpaka leo, na kama yuko hapa namwambia asante.

Hospitali balinitunza vizuri. Mguu ulirudi nusu. Mdomo ulirudi zaidi ya nusu, mnasikia wenyewe, bibi yangu anasema ulirudi wote na wa ziada. Mkono wa kuume haukurudi.

Nikafikiri, niko na wa kushoto. Nikachukua makasi. Sasa sikieni: makasi ya fundi ni ya mkono wa kuume. Ukiyashika na kushoto hayakati, yanatafuna. Yanakikunja kitambaa katikati kama mdomo wa mbuzi. Nikaenda kwa mashini. Gurudumu liko upande wa kuume, na mkono wa kuume njo unalianzisha. Nikakanyaga, mashini ikarudi nyuma ikakata uzi. Nikakanyaga tena, vilevile. Nikaifunika na shuka kama maiti, nikafunga atelie, nyumba yangu ya kushonea, nikamupa bibi yangu ufunguo, nikasema sitaki kuuona tena.

Toka hapo nikawa muntu wa chumba. Batu bakibisha, namwambia bibi yangu, sema amelala. Padri alikuja: amelala. Bafundi benzangu balikuja: amelala. Bibi yangu anauza sambaza sokoni, samaki zile ndogo za ziwa, ni muntu wa kusema na batu mchana wote. Siku moja akaniambia: "Papa, bananiuliza kama niliolewa na muntu ao na kitanda."

Nikaamua kuuza mashini. Nilimpata mnunuzi kwa simu, kijana fundi wa Nyakabuye, tukapatana siku ya kuja kuichukua. Bibi yangu alisikia akanyamaza. Muke wa sokoni akinyamaza, ndugu zangu, mujue kuna kitu anatayarisha.

Wakati ule bamama ba parokia balikuwa na kikundi cha kushona blanketi za vipande. Mnazijua: juu vipande vilivyoungwa rangi kwa rangi, katikati blanketi kuukuu, chini shuka, halafu vyote vitatu vinashonwa pamoja ili visitembee. Balishonea barazani pa kanisa na mvua ikabafukuza. Na balikuwa bameitwa kwa maonyesho, batundike blanketi zao ukumbini batu baje kuziangalia. Anayebaongoza nitamwita Maman wa Kwaya, kwa sababu sauti yake mnaijua. Alikuja kusimama mlangoni kwa chumba changu.

"Papa fundi, tunaomba nafasi kwa atelie. Nafasi tu."

Bibi yangu alikuwa sokoni. Nikajibu mwenyewe: "Fundi amelala."

"Basi akiamka umwambie tunaingia kesho."

Na baliingia. Ufunguo balipata wapi? Muulizeni huyu anayenivuta koti.

Kuta zangu zilikuwa nyeusi na moshi wa pasi. Balizisugua, halafu bakaleta ndoo za rangi zilizobaki kwa majengo ya batu: njano, kijani, na nyekundu kidogo. Mimi niko kitandani nasikia vicheko nyuma ya ukuta. Nikachungulia. Atelie yangu ilikuwa njano kama ndizi iliyoiva, na dirisha jekundu. Nikatoka na fimbo.

"Mnafanya nini? Mnageuza nyumba ya kazi kuwa kilabu cha pombe."

Maman wa Kwaya alikuwa juu ya ngazi na burashi. Hakushuka. "Papa, huku juu sisikii. Ingia ndani useme vizuri."

Nikaingia ili nigombane vizuri. Nawaambia, sikujua kwamba tayari nimeingia.

Juu ya meza yangu ya kukatia kulikuwa kilima cha vipande. Nikasogea nibaambie batoe takataka zao. Hapo nikaona fundo. Ukanda wa ukingo, na fundo langu. Pembeni yake fungu lingine, fundo langu. Na lingine. Kulikuwa mama mmoja wa Giheke, mzee kuliko mimi. Nikamuuliza: "Hii umetoa wapi?"

"Ulinipa wewe. Arusi ya binti yangu wa kwanza. Nimekaa nayo chini ya kitanda, panya balikuwa banaitaka, nikabakatalia."

"Na haukuifungua?"

"Ningefungua kwa nini? Nilijua vyote viko ndani."

Kila mama alikuwa ameleta mafungu yake. Nikakaa kwa kiti changu, nikaanza kuyafungua na meno na mkono wa kushoto, moja moja. Na kila moja nilikuwa naijua. Hii ni arusi ile mvua ilibeba hema. Hii ni ya bale mapacha. Hii ni ya bibi arusi aliyenenepa kabla ya siku, nikafumua kiuno mara ya pili. Bamama bakacheka mpaka mmoja akaegemea ukuta mbichi, mgongo wote ukawa njano. Kumbe yule bibi arusi aliyenenepa alikuwa amekaa palepale, ananishikia fungu.

Balikuwa na mitindo yao. Ule wa miraba midogo banauita Shamba la Mpunga, maana ukisimama mlimani ukaangalia chini Bugarama, mashamba njo yanavyokuwa. Ule wa pembe tatu banauita Kilima. Kazi nzuri, lakini rangi zilikuwa zinapigana, nyekundu ya kuwaka bega kwa bega na njano ya kuwaka. Nilivumilia, nikashindwa. Nikasema wekeni ukanda mweusi katikati yao, kama mama anavyokaa kanisani katikati ya batoto babili bagomvi. Baliweka. Rangi zikatulia, kila moja ikaanza kuonekana. Nikasema tena, na ukuta huu wa njano unakula blanketi. Pakeni mmoja mweupe, hapo njo tutatundika tuangalie.

"Tutatundika?" Maman wa Kwaya akaniuliza.

"Mtatundika," nikasema.

Katikati ya maneno hayo mnunuzi wa Nyakabuye akafika. Akasimama mlangoni, akaangalia dirisha jekundu, akaangalia kuta. "Samahani, nilikuwa natafuta fundi mgonjwa. Hapa banauza bia gani?"

Bamama bakaniangalia. Nikasema mashini ni ile, chini ya shuka. Kijana akaifunua, akakaa, akageuza gurudumu. Mashini ile inaimba, ndugu zangu. Niliisikia inaimbia muntu mwingine. Akasema iko sawa, lakini anataka kipande cha kujaribia mshono.

Makasi yote yalikuwa mikononi mwa bamama. Mimi nilikuwa na baki la kikwembe, refu kidogo. Nikauma ukingo, nikashikilia na meno, nikavuta na kushoto. Kikapasuka. Toka juu mpaka chini, sawa kabisa, kama nimekipima. Kikwembe cha pamba kinafuata uzi wake ukikipasua. Bauzaji ba sokoni banapasua hivyo kila siku, na mimi nilikuwa najua toka utoto. Makasi yalinisahaulisha. Nikauma tena, nikapasua ukanda mwingine. Na mwingine. Sauti ile ya kupasuka ilijaa nyumba.

"Mzee," kijana akasema, "inatosha. Nilihitaji kimoja tu."

"Si vyako," nikamwambia. "Toka kwa kiti."

Nikakaa. Mguu wa kushoto unakanyaga, mkono wa kushoto unaongoza kitambaa. Na gurudumu? Mama mmoja kijana alikuwa ananyonyesha. Akamupa mwenzake mtoto, akavuta kiti upande wangu wa kuume, akaweka mkono wake pale wangu ulipokuwa unakaa. "Sema, Papa." Nikasema anza. Mstari wa kwanza ulienda kama njia ya mbuzi mlimani. Nikataka kuufumua. Maman wa Kwaya akabana kitambaa na mkono wake mzito.

"Endelea. Kufumua ni kazi ya batu benye mikono mbili."

Hapo nililia. Sioni haya. Kijana wa Nyakabuye alingoja nimalize kulia, halafu akauliza kama gari la kurudi lingalipo. Bibi yangu alikuwa amerudi kutoka sokoni, akamupa bugali na sambaza. Akaondoka ameshiba, bila mashini, na hakukasirika sana.

Siku ya maonyesho bengi benu mlikuwapo. Mliona blanketi zinatundikwa kwa kamba toka mlango mpaka mbele. Yangu ilikuwa ya mikanda mirefu ya kupasua, mtindo ule bamama banauita Barabara. Haikuwa nzuri kuliko zote, nisiwadanganye. Ya mama wa Giheke njo ilikuwa nzuri kuliko zote. Lakini mbele ya yangu balisimama mzee mmoja na bibi yake, bakakaa hapo muda mrefu.

"Hii ni ya arusi yetu," bibi akasema, amegusa ukanda wa kijani.

"Hapana. Ni ya ubatizo wa mtoto."

"Papa, kwa ubatizo ulivaa kaki."

"Nilivaa hii. Nakumbuka ilinibana."

"Ilikubana kwa arusi."

Nikasogea nikabaambia: "Ilikubana kote kuwili. Kwa ubatizo nilikuongezea kiunoni." Bakacheka, na yule mzee akachukua mkono wangu wa kuume akautikisa, akautikisa, ananishukuru. Toka ugonjwa, batu bananisalimia kwa kushoto ao banagusa bega. Yeye hakujua. Mimi sikuusikia mkono wake, mkono huu hausikii kitu. Lakini nilikuwa nauona unasalimiwa, nikasimama pale, sikumwambia.

Basi nashukuru. Nashukuru Mungu aliyeniachia mdomo. Nashukuru bamama ba blanketi, na mama wa Giheke aliyebakatalia panya. Nashukuru mama kijana wa gurudumu. Nashukuru bibi yangu, aliyetoa ufunguo bila kuniuliza, na angeniuliza ningekataa. Funzo langu ni dogo. Kama kwenu kuna muntu amejifungia, anasema amelala, usimpelekee pole peke yake. Pole nilizipokea nyingi, nikalala nazo. Mpelekee kazi mbele ya macho yake, na uifanye vibaya kidogo ili apate kitu cha kugombana. Na wewe uliyejifungia, ukija kugombana, ujue tumekupokea.

Sasa namaliza, kweli. Yule mama kijana anahamia Bukavu kumfuata mume wake, na kiti cha kuume kwangu kitabaki wazi. Tuko katikati ya blanketi moja iliyoagizwa na familia ya Bugarama. Jana niliacha sindano imesimama ndani ya kitambaa. Mwenye mkono wa kuume mzima, baba ao mama, aje asubuhi.