Baba Justa, Mkataji Aliyetuletea Saa ya Jembe

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Nkwabi Mabula anaweka mkasi mezani baada ya miaka ishirini na tisa na nusu ya kukata vitambaa katika Kiwanda cha Sare cha Ramniklal na Wanawe, hapa Katoro. Jina hilo la Nkwabi Mabula hulitumia watu wa benki. Sisi tunamwita Baba Justa. Amekata ovaroli za wachimbaji, sare za wanafunzi, makoti ya wauguzi, reflekta za bodaboda, na mara moja, kwa bahati mbaya, mikono ya kushoto mitupu. Hilo la mikono tutalifikia, msiwe na haraka, hata pilau lenyewe halijaiva.

Kamati ya sherehe ilipotafuta mtu wa kuandika wasifu huu, wenzangu wote walikumbuka ghafla kwamba wana kazi. Nikabaki mimi Vumilia wa kitengo cha umaliziaji, ninayekagua mishono na kukata nyuzi zinazoning'inia. Nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na minane. Yaliyotokea kabla sijafika nimemuuliza Mama Sanket, mke wa marehemu Mzee Ramniklal, naye hasahau kitu, hasa kile ambacho mtu angependa kisahaulike.

Baba Justa alizaliwa mwaka 1965 karibu na Tinde, kwenye nyumba ya wakulima wa pamba na wafugaji. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka siku walipoingia shamba la jirani, yeye akiwa ameinama kuangalia siafu wanavyohama. Ujanani akaenda machimboni. Wenzake wa duara, yaani shimo la dhahabu, wakamtuma maji, na jioni wakamkuta akitengeneza redio ya mtu asiyemjua hata jina. Redio ilipona, kazi ya duara ikaishia hapo. Akauza dagaa, akaendesha baiskeli ya abiria, akajaribu useremala. Kila alikotoka alitoka na neno lile lile la mvivu, na kwa bahati mbaya yeye mwenyewe ndiye aliyelisadiki kuliko wote.

Mei 1996 aliingia dukani kwa Mzee Ramniklal kujikinga na mvua. Mvua ikakatika, yeye hakuondoka. Alisimama mlangoni akimtazama mkataji wa wakati huo akipanga patani, zile karatasi za vipimo, juu ya kitambaa, akasimama mpaka wateja wakaanza kumzunguka kama nguzo. Mzee Ramniklal, mtu mpole lakini mwenye biashara yake, alimpa mkasi na mabaki ya kitambaa ili angalau ahame mlangoni. Kufika jioni alikuwa amekata suruali ya mtoto, safi, bila kunywa hata maji. Kesho yake akaambiwa aje tena.

Sasa mikono. Wanaoshona wanajua kwamba ukitandika tabaka nyingi za kitambaa, zote zikitazama juu, patani ya mkono inakupa mikono ya upande mmoja tu. Ni lazima uigeuze ukate ya upande wa pili. Mwaka 1999 tulipata oda kubwa ya ovaroli za mgodi, na Baba Justa akaanza kukata huku moyo wake ukiwa umechukuliwa na wimbo uliokuwa redioni. Wimbo ukaisha, kitambaa kikaisha. Oda nzima ilikuwa na mikono ya kushoto, na kitambaa chenyewe kilikuwa cha upande mmoja wa rangi, hakigeuziki. Mama Sanket anasema mumewe alimaliza kwanza kikombe kizima cha chai, kisha akauliza kama kuna mgodi wowote unaoajiri watu wa mkono mmoja.

Ni Mama Sanket aliyeokoa jahazi. Alishona ncha moja ya kila mkono, akatia kamba ncha ya pili, na ikawa mifuko ya kubebea tochi na patasi. Wachimbaji waliigombania kuanzia hapa mpaka Segese. Hadi leo mteja anaweza kuingia dukani akaomba Nkwabi mbili, na muuzaji anajua anachotaka.

Wateja walicheka, Mzee Ramniklal akacheka, ila mwenye kosa hakucheka. Nilipoanza kazi hapa mwaka 2007 nilikuta mtu anayejitukana kutwa nzima, kwa sauti ndogo, kama mtu anayesali. Akisahau chaki, alijiita kichwa gunia lililotoboka. Akichelewa kuanza oda, mvivu wa ukoo. Hakuna bosi aliyemsema vibaya hivyo, lakini yeye alijisimamia kwa fimbo. Na ajabu ni kwamba fimbo haikuzaa kitu. Siku alizojitukana sana ndizo alizokata kidogo.

Mwaka 2016 alifika asubuhi akaweka mkasi juu ya meza ya Mama Sanket, akasema amechoka kuwa mzigo. Mama Sanket hakuugusa. Alimwambia kwanza amsindikize Justa, binti yake, hospitalini Mwanza, kama alivyokuwa amemwahidi, kisha akirudi wataongea habari za mkasi. Justa alikuwa anampeleka binti yake Mariana, mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa hatulii darasani wala hamalizi anachoanza.

Hapo pana kisa anachokisimulia mwenyewe, kwa hiyo siogopi kukiandika. Mama daktari aliuliza kama mtoto husahau alichotumwa. Baba Justa akajibu ndiyo, sana. Daktari akauliza kama hushindwa kuanza kazi ndefu hata akiitaka, na kama akipenda kitu huzama mpaka akasahau kula. Ndiyo na ndiyo, machozi yanamlengalenga. Mwishowe daktari akaweka kalamu chini, akamwambia, "Baba, tunampima mtoto, mbona unajibu habari zako wewe?" Justa alicheka mpaka akashika ukuta. Mzee wa miaka hamsini na moja alianza siku ile safari ya kupimwa yeye mwenyewe, na baada ya kuitwa mara kadhaa akaelezwa kwamba alichonacho kinaitwa upungufu wa umakini na utulivu, kwamba amezaliwa nacho, na kwamba ubongo wake si mvivu, ila huwashwa kwa njia tofauti na za wengi. Akaulizwa ni wapi maishani mwake aliwahi kufanya kazi ndefu bila kuchoka.

Alijibu bila kufikiri: kwenye bugobogobo. Wasukuma wenzangu hawahitaji kuelezwa, lakini wageni wetu wajue kwamba ni ngoma ya jembe. Watu hulima shamba la mmoja wao kwa pamoja, kila mtu na tuta lake, ngoma inapigwa, majembe yanapanda na kushuka kwa mpigo mmoja. Peke yake, Nkwabi kijana alilima matuta mawili akapotelea kwenye kufukuza kwale. Kwenye bugobogobo alilima mpaka jua likazama, akitaka zaidi. Na kwao kulikuwa na desturi moja: waliofika mwisho wa shamba hawakukaa kivulini kumcheka aliyebaki nyuma. Kiongozi alipaza sauti, "Geuka!" nao wakageuka, wakalima kumfuata mpaka wakakutana naye katikati ya tuta lake. Aliyepokelewa hakudaiwa samahani wala hakuiomba.

Baba Justa alirudi Katoro, akapita kwa Mama Sanket, akauchukua mkasi wake. Wiki iliyofuata akaleta mambo mawili ambayo ndiyo urithi wake kwetu.

La kwanza ni marufuku ya kujitukana. Ukimtukana mwenzako utashughulikiwa na uongozi, lakini ukijitukana mwenyewe utaleta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutosha chumba kizima wakati wa chai. Mwezi wa kwanza tulikula michembe yake hadi tukavimbiwa. Mwezi wa pili ikapungua. Sisi wengine tuliojiona wazima tukaanza kunaswa mmoja mmoja, na ndipo tulipojua ni maneno gani tulikuwa tunajitupia kichwani kila siku bila kuyasikia.

La pili ni Saa ya Jembe. Kila siku baada ya chai ya mchana, kila mtu huleta kwenye meza kubwa ile kazi anayoikwepa. Masalu, fundi wetu wa mashine, hupiga mpigo kwenye kopo la vifungo. Hakuna anayeulizwa kwa nini ameichelewesha. Unafanya chako, mimi changu, bega kwa bega, na unapomaliza unageuka kumpokea aliye nyuma. Mimi nimefumua zipu za watu ambazo zingelala kabatini mpaka kiama. Meneja wetu, Sanket, alipotoka masomoni na kushika usukani wa baba yake, alitazama tu kwa wiki mbili. Wiki ya tatu alikuja na mfuko wa rambo umejaa ritani za kodi, akakaa kati ya Masalu na Baba Justa, akaomba mpigo uongezwe kidogo. Kumbe naye ubongo wake ni wa ukoo ule ule, na anapenda niliandike hili ili wengine wasijifiche.

Na msidhani Baba Justa alimlazimisha kila mtu kucheza ngoma yake. Loveness, mshonaji wetu wa mikanda inayong'aa, ana usonji, na kopo la vifungo kwake ni kama msumari sikioni. Alikuwa amekwisha kufunga vitu vyake aondoke. Baba Justa alimhamishia mashine kwenye kona ya stoo, ikatazama ukuta, akamtafutia vizibo vya masikio kwa wauza vifaa vya migodini, akatuambia kwamba Loveness yuko nasi shambani, ila tuta lake ni lile la pembeni. Leo hakuna reflekta inayotoka hapa bila mkono wa Loveness, na oda za Kahama zinaletwa kwa ajili yake.

Makosa hayakuisha, tusidanganyane. Juzi alitafuta tepu ya kupimia nusu saa ikiwa shingoni mwake. Lakini tangu mwaka ule wa hospitali, kabla hajakata mikono, chumba kizima humwuliza kwa pamoja, "Na wa kulia je?" naye hujibu, "Upo!" Wageni hudhani ni sala. Hatujarudia kukata ya kushoto mitupu, ingawa Mama Sanket analalamika kwamba mifuko imeadimika.

Mwezi Agosti, siku ya kustaafu ikikaribia, tulimwona amepoa. Alikwenda kwa Sanket kuomba abakizwe, hata kama ni ulinzi wa getini. Sanket akataka kujua kama ni shida ya kipato, akasema hapana. Siku hiyo kwenye chai alileta michembe kabla hajasema lolote, akaiweka mezani, kisha akatueleza. Ana ekari tatu Tinde, za pamba na viazi, alizozinunua kwa jasho la meza hii. Tangu mkewe, Mama Justa, alipotangulia mbele za haki, nyumba ya huko haina mtu wa kukaa naye. "Nitalima matuta mawili nitakaa chini," alisema. "Nikikaa nitaanza kujitukana, na huko hakuna wa kunidai michembe." Masalu, aliyekuwa ameshaliandaa kopo, akaliweka chini. Nakiri chai yangu ilipoa.

Tangu siku ile Saa ya Jembe imekuwa na kazi moja ya ziada, ambayo tulimficha. Leo tunaitangaza.

Jumamosi, tarehe 6 Desemba, lori la kiwanda litaondoka alfajiri kwenda Tinde kupitia Ushirombo na Kahama, na ndani yake tutakuwemo sote na majembe. Masalu anakuja na ngoma ya kweli. Loveness amekwisha kuchagua tuta la mwisho, kando ya mkonge. Sanket amenunua jembe jipya, bado lina karatasi ya dukani, tunaomba wenyeji wamwonyeshe upande wa kushika. Ngusa, kiongozi wa wakulima wa bugobogobo wa kijiji kile, amekubali kumwingiza Baba Justa kwenye zamu zao, na ameelezwa habari za michembe.

Siku ambazo zamu haipo, tumepanga hivi. Kila siku ya kazi, baada ya chai ya mchana, tutampigia simu. Simu itawekwa juu ya meza kubwa, kando ya kopo la vifungo, sauti ikiwa wazi. Yeye ataweka yake juu ya kisiki shambani. Hatutamwuliza amelima kiasi gani. Atasikia mpigo, nasi tutasikia jembe.

Kwa niaba ya Mama Sanket, Sanket, na mafundi wote wa kiwanda hiki, wabeja sana, asante sana, Baba Justa. Tunajivunia kwamba ulitukatia vitambaa, na tunajivunia zaidi kwamba ulitufundisha kujisema vizuri. Mungu akupe mvua za wakati wake, viazi vinene, na wajukuu wengi wasiotulia. Mkasi wako tunaubakiza juu ya meza, haupewi mtu. Pumzika unapochoka. Ukibaki nyuma, usijiseme vibaya, endelea tu na tuta lako, maana sisi tumekwisha kugeuka.