Aliyebisha Hodi Kwenye Miti

Ndugu na jamaa, majirani, mafundi mliofanya kazi na marehemu, na ninyi waheshimiwa wa manispaa mliokaa viti vya mbele, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Mimi ni mdogo wake marehemu, ndiye ninayemfuata kwa kuzaliwa, na ukoo umenikabidhi kazi ya kusoma historia yake. Kijana wake, ambaye anajua maneno ya ofisini kuliko mimi, alishaandika historia nyingine, fupi na ya adabu, inayosema marehemu alikuwa mpenda mazingira na mtu wa watu. Nimeisoma, ni nzuri, nimeikunja nikaitia kwenye mkoba, na hii ninayoisoma sasa ni ya kwangu, kwa hiyo mwenye lawama anilaumu mimi.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha mbao, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, baba yetu akiwa mnoa misumeno wa kiwanda hicho na mama akiwa mtu wa kuanika nguo ndani, kwa sababu ukizianika nje zinarudi na vumbi la mbao. Kabla gogo halijaingia kwenye msumeno, baba alikuwa akiligonga kwa kisogo cha shoka na kutega sikio, maana gogo lenye msumari au lenye uwazi ndani linaweza kuvunja meno ya msumeno na kumtoa mtu jicho, na kaka yangu tangu akiwa na miaka minne alikuwa akimfuata nyuma akigonga kila kitu, mlango, ndoo, hata kichwa changu, ambacho alitangaza mbele ya wageni kwamba kimelia kitupu.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1959 na kumaliza mwaka 1965, na sitawadanganya hapa kwamba alikuwa wa kwanza darasani, alikuwa wa dirishani. Nje ya dirisha la darasa lake, chini ya paa, mbayuwayu walikuwa wamejenga viota vya udongo, na mwalimu mkuu alipoagiza viota vile viangushwe kwa sababu vinachafua ukuta, ufagio wa shule wenye mpini mrefu ulipotea, ukatafutwa stoo, ukatafutwa jikoni kwa walimu, kumbe ulikuwa umelala juu ya paa la bati ambako mtoto wa mnoa misumeno alikuwa ameurusha, na ulikaa huko hadi makinda wakaruka. Alichapwa, akarudi nyumbani anatembea kwa tabu, na mama alipomuuliza kulikoni, akajibu kwamba amekaa vibaya.

Nafasi ya sekondari hakuipata, akaingia kiwandani kama msaidizi wa baba, na tarehe 2 Aprili 1973 akaajiriwa na manispaa, idara ya bustani, kuwa mkata miti. Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu jana nilisikia mtu akisema uani nyumbani kwa marehemu kwamba marehemu alikuwa adui wa maendeleo, mtu asiyetaka mti uguswe. Jamani! Kaka yangu alikula, akaoa na kusomesha watoto kwa kuangusha miti, aliipenda harufu ya mbao mbichi kuliko manukato, kitanda alichokuwa akilalia alikipasua mwenyewe, na alikuwa akisema mti nao unazeeka na kuugua kama mtu. Kazi yake aliifanya jinsi baba alivyomfundisha, anagonga shina mara tatu kwa kisogo cha shoka, anatega sikio, na kwa kuwa alikuwa mtu wa mzaha akaongeza la kwake, "Hodi humu!", kisha anasubiri kidogo, kindi akitoka, mjusi akitoka, anacheka, anawasha msumeno.

Mwezi Oktoba 1974 alitumwa kuangusha mkuyu mzee nyuma ya kituo cha zimamoto, akagonga, shina likalia tupu, akabisha hodi, kindi wawili wakatoka mbio, naye akaona wenye nyumba wameshatoka wote, akakata. Mti ulipoanguka ukapasuka kwenye tundu, na ndani alikuwamo hondohondo jike na makinda yake. Ndege huyu, kwa msiojua, akitaka kutaga huingia tundu la mti akajiziba humo kwa udongo, akabakiza ufa mwembamba wa kupitisha chakula, manyoya yake ya mabawa yanapukutika, hawezi kuruka, na mume wake ndiye anayemlisha kwa wiki nyingi kupitia ufa ule. Huyo hata ukimbishia hodi mara mia, atatokaje? Jike alikuwa ameshakufa, na dume akaja na kuyu mdomoni, akawa anazunguka pale hewani tundu lilipokuwa, anarudi, anazunguka, hadi jua likazama, na kaka yangu amekaa juu ya gogo anamwangalia. Alirudi nyumbani na kinda mmoja ndani ya mfuko wa shati, akakaa naye siku mbili akimlisha kwa kijiti, kinda akafa, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona kaka yangu analia, alilia kwa sauti, mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, mbele ya baba.

Tangu siku hiyo akawa mtu mwingine kazini. Alikuwa anagonga, anabisha hodi, na wakitoka wa kutoka, bado anavuta kiti chini ya mti na kukaa toka asubuhi akikodolea macho matundu, aone kama kuna yeyote anayeletewa chakula, na akimwona basi mti ule haukatwi mpaka makinda waruke, hata aje nani. Msimamizi akisema washa mashine, yeye anasema ngoja kwanza. Mwenye nyumba akilalamika kwamba tawi litamwangukia, ngoja kwanza. Wenzake wakambandika jina hilo, Ngoja Kwanza, wakamshtaki kwa uvivu mara mbili, na leo hao hao wameacha kazi zao kuja kumbeba.

Ni kwa kusubirisha watu hivyo ndipo alipompata wifi yangu, fundi cherehani mwenye kibanda barabarani, ambaye alikuwa ameomba akatiwe tawi linalogusa bati lake, akaambiwa asubiri wiki sita kwa sababu kuna kiota, naye akatoka na mkasi mkononi akamtukana matusi ambayo siwezi kuyasoma mbele ya watoto. Kesho yake alimkuta bado amekaa pale, akamwuliza kwa kejeli kama amekuja kuchumbia ndege, akapewa kiti, akaonyeshwa kiota, na walifunga ndoa tarehe 5 Juni 1976. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mwaka 1977, kijana mwaka 1980, na binti mwingine mwaka 1984. Mimba ya kwanza ilikuwa ya kulazwa, wifi yangu alikaa kitandani hospitalini miezi mitatu, na kwa kuwa walinzi walikuwa wakali kuhusu saa za kuona wagonjwa, mume wake alikuwa akimpitishia chakula kwenye nondo za dirisha, wauguzi wakicheka, naye akiwajibu kwamba kazi hiyo amejifunza kwa mtaalamu.

Sasa nakuja kwenye mikuyu, na kijana wetu naomba usinikonyeze, nimekuona. Nyuma ya soko, kandokando ya kijito, kuna mikuyu kumi na mmoja, na ninyi nyote mmepumzika chini yake, mmekaa pale na mizigo yenu, mmewabembeleza watoto wenu pale. Makuyu yakiiva, kuna ninga, wale njiwa wa porini, kuna tumbili, kuna popo, vipepeo wanatua kwenye matunda yaliyopasuka, na kelele zinakuwa kubwa hadi wauza mitumba wanapandisha sauti. Mimi nilipita pale miaka mingi bila kuinua macho, hadi kaka aliponishika kidevu kama mtoto akakielekeza juu, na nawaambia ukweli, nilichokiona ni kizuri kuliko chochote kilichojengwa katika mji huu tangu nizaliwe.

Mwaka 1991 manispaa iliamua mikuyu hiyo ikatwe ili papatikane maegesho ya malori. Marehemu alitumwa, akabisha hodi, akakaa, akakuta matundu yana wenyewe, akasema ngoja kwanza, na alipoambiwa safari hii hakuna kungoja, alifungua plagi inayowasha msumeno, akaitia mfukoni, akaenda nyumbani kunywa chai. Alifukuzwa kazi tarehe 30 Septemba mwaka huo. Akawa anajitegemea, anapunguza matawi ya miti ya watu, na kila manispaa ilipopaka alama nyekundu kwenye mashina yale, alikwenda saa nne asubuhi, soko limejaa, akiwa na debe la mafuta ya taa na brashi, akazisugua zote mbele ya kila mtu, kwa sababu alisema akienda kwa kujificha ataitwa mwizi. Aliitwa ofisini, akawekwa rumande siku moja, akaahidiwa kurudishiwa kazi akinyamaza. Hakunyamaza, na mikuyu ipo.

Afya yake ilianza kuyumba mwaka 2021, madaktari wakakuta mapafu yamechoka kwa vumbi la mbao na moshi wa mashine. Mwezi Septemba mwaka huu alizidiwa, akawa haondoki chumbani, wifi akimpelekea uji kwa kijiko, naye kwa sauti iliyokwisha alikuwa akisema, "Mke wangu, leo mimi ndiye niliyezibwa." Tarehe 25 Oktoba akalazwa. Siku ya Jumanne tarehe 7 Novemba, mtu yuko kwenye oksijeni, manispaa ilipaka alama nyekundu upya, na ikabandika tangazo kwamba kazi itaanza Jumatatu tarehe 13. Tulikubaliana tusimwambie. Alhamisi tarehe 9 Novemba 2023, saa tisa alasiri, kaka yangu alifariki akiwa na miaka sabini na miwili, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mke wake.

Waheshimiwa, shada lenu tumelipokea. Ni la maua ya plastiki, na marehemu angelicheka sana.

Kwa niaba ya ukoo nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, ambao hawakuchoka naye hata alipowaomba kitanda kisogezwe dirishani, nawashukuru majirani kwa maji, kuni na viti, na nawashukuru mafundi wa idara ya bustani, waliokuja ingawa wakubwa wao wako hapa wanawaangalia.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijatoka nyumbani, fundi aliyefanya naye kazi miaka mingi kuliko wote aligonga ubao mara tatu akasema hodi, na sisi sote tukasubiri. Mnaweza kutucheka, lakini mimi nilisubiri kwa moyo wangu wote, ningetoa chochote nisikie kikohozi chake. Hakuna aliyejibu. Mwenye nyumba ameondoka, kwa hiyo tumeridhika, tutamzika.

Lakini tukiwa njiani kuja hapa tulisimamisha gari kwenye mikuyu, wifi yangu akashuka, akaenda kwenye shina la kwanza lenye alama nyekundu, akagonga. Kimya. Tukangoja kwanza, jeneza ndani ya gari, jua linachoma, viatu vya msiba vinabana, hadi dume akaja na kuyu mdomoni, akatua, na ncha ya mdomo wa jike ikachomoza kwenye ufa wa udongo ikapokea. Mafundi wamemwona. Dereva amemwona. Hakuna atakayesema hakujua.

Kwa hiyo ninawatangazia ratiba. Viti hivi mlivyokalia havirudishwi kesho. Jumatatu asubuhi vitakuwa chini ya mikuyu, na sisi tutakuwa tumevikalia, wifi yangu na cherehani yake, wanangu hawa, mimi na magoti yangu mabovu, na kila mwenye kutaka kuja, mpaka kinda wa mwisho aruke, na akisharuka tutatazama tundu linalofuata. Waheshimiwa, mje na misumeno yenu. Mtatukuta tumekaa. Mtabisha hodi, na safari hii atakayejibu yupo.

Pumzika kwa amani, kaka yangu, Ngoja Kwanza. Sisi bado hatupumziki.