Siku Fundi Bado Alipopimwa

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi jioni, fundi mkuu wa karakana yetu anavua aproni yake ya ngozi baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutengeneza fremu za baiskeli kwa kipimo cha mwenye baiskeli. Anastaafu kutoka chumba cha uani kwenda sebuleni. Umbali wake ni hatua ishirini na mbili. Nimezihesabu mwenyewe, maana katika karakana hii hakuna kinachoandikwa kabla ya kupimwa.

Wateja wanamwita Fundi Bado, na jina hilo amelipata kwa jasho lake. Ukichungulia mlangoni kuuliza kama fremu yako iko tayari, huinua miwani, huitazama fremu kana kwamba ndiyo iliyoulizwa, kisha hujibu: "Bado kidogo." Mpaka rangi wetu, mtu asiyeweza kupitwa na mzaha, hudai kwamba hata siku ya harusi, Fundi alipoulizwa kama yuko tayari, alijibu hivyo hivyo. Mkewe hajawahi kukanusha.

Kwa wageni ambao leo ndiyo mara yao ya kwanza kufika uani hapa, nieleze kidogo kazi yenyewe. Nilikuwa mwalimu wa hesabu kabla ya kuja kuchora ramani za fremu, na tabia ya kueleza haijanitoka. Baiskeli ya dukani hutengenezwa kwa saizi mbili tatu, kisha binadamu wote hutakiwa wajikunje au wajinyooshe mpaka waenee. Hapa tunaanza na mtu. Tunapima miguu yake, mikono yake, kiwiliwili chake, na namna anavyoinama. Halafu tunakata mabomba ya chuma, tunayapiga tupa mpaka yakumbatiane bila kuacha mwanya, na kuyaunga kwa moto wa gesi na shaba. Fremu ni mifupa ya baiskeli. Mifupa ikikosea, huwezi kuirekebisha kwa kununua kengele nzuri.

Wazo lenyewe halikutoka kwa Fundi. Lilitoka kwa mkewe, ambaye ni fundi cherehani na mpaka leo hushona katika chumba cha mbele. Wakati huo mume wake alikuwa akilehemu mageti na nondo za madirisha, na kila jioni alirudi kwa baiskeli akilalamika magoti. Siku moja mama huyo, pini zikiwa bado mdomoni, alimsimamisha, akapima miguu yake, akatoka nje akaipima na baiskeli. "Ingekuwa suruali," alimwambia, "ungeirudisha dukani leo leo."

Basi Fundi akajitengenezea fremu namba moja. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Chumba cha uani kilikuwa hakijaezekwa, wingu lilikuwa limetanda, na yeye, kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, akafanya haraka. Alilehemu viungio vyote vya upande wa kushoto kwanza ili mvua imkute amefika mahali. Sasa, chuma kikipoa hunywea, na kikinywea huvuta. Upande wa kushoto ulipopoa uliivuta fremu nzima, na matokeo yake ni baiskeli inayotaka kwenda kushoto hata mwenyewe akitaka kwenda mbele. Mkewe aliizunguka mara moja, akauliza, "Hii umeilehemu huku umesinzia, baba?" Wakaiita Kombo. Fundi ameiendesha miaka thelathini na mmoja akiirudisha njiani kwa mkono wa kulia, na ndiyo maana mashati yake yote huchakaa bega la kulia kwanza. Anayeyatia viraka mnamjua.

Kutokana na Kombo tukapata sheria ya kwanza ya karakana: kiungio kimoja kushoto, kimoja kulia, na katikati mtu anakunywa chai. Wageni wengi wamedhani Fundi ni mvivu. Wanamkuta ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, kikombe mkononi, na fremu yao haina anayeigusa. Si uvivu. Anasubiri chuma kipoe bila kuhimizwa. Fremu ina viungio vikubwa vinane, kwa hiyo ina vikombe vinane. Niliwahi kupiga hesabu ya chai yote aliyokunywa kazini nikaiacha njiani kwa hofu.

Sheria ya pili inahusu mwiko. Miaka ya mwanzo mkewe alipoteza mwiko mzuri wa mti mgumu, akautafuta wiki mbili, akamshuku jirani, akanuniana naye. Kumbe ulikuwa uani. Fundi alikuwa amegundua kwamba kiungio kilichojaa shaba vizuri kikigongwa na mwiko huimba, na kilichobaki na uwazi ndani hukohoa. Tangu hapo hakuna fremu iliyotoka hapa bila kugongwa. Yule jirani aliombwa radhi na kupewa fremu namba nane.

Fremu zilizotoka mikononi mwake ni mia nne na kumi na mbili. Mkunga wa mtaa wa pili aliomba baiskeli ambayo angeweza kuipanda akiwa na sketi ndefu na mkoba mzito, na bila kufikiri, kwa kuwa watoto hawasubiri. Fundi alilishusha bomba la juu mpaka karibu na pedali, kisha akaongeza bomba dogo chini yake ili fremu isilegee. Mkunga akitoka kuzalisha salama hupita hapa na kupiga kengele mara mbili. Sisi huacha kazi, tukapiga makofi, kisha tukaendelea. Kuna asubuhi tumepiga makofi mara tatu.

Na kuna muoka mikate. Huyu alirudi baada ya miaka tisa akitaka fremu nyingine "ile ile, usibadili hata nukta." Fundi alikataa katakata kufungua karatasi ya zamani. Akampandisha juu ya farasi, yaani kile kiti chetu cha mbao chenye siti, usukani na pedali zinazosogezwa na kukazwa kwa skrubu mpaka mtu akae sawasawa. Vipimo vilikuja vingine kabisa, hasa maeneo ya tumboni. Muoka mikate alihamaki. "Mimi sijanenepa," alisema, "futi yako ndiyo imesinyaa!" Fundi akamjibu kwa upole kwamba futi ni mpya, ya mwezi uliopita, na mwili nao ni mpya, kwa hiyo wanafahamiana vizuri. Hiyo ndiyo sheria ya tatu, na ndiyo aliyoilinda kuliko zote: hakuna anayetengenezewa kwa vipimo vya zamani, hata angekuwa nani.

Ila mmoja. Mwenyewe hakuwahi kujipima tena.

Miezi saba iliyopita mgongo ulimgomea. Alikwenda kwa miguu, pole pole, kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na mtaalamu huyo alipomsikiliza alimshauri apumzishe baiskeli. Fundi akarudi, akaitundika Kombo ukutani, akasema amekwisha kuelewa. Wengine wangefurahi kupata kisingizio cha kukaa. Lakini hapa lazima niwaambie jambo ambalo mkewe hatalisema. Baiskeli namba mbili ni ya kwake. Ni nyekundu, imenyooka kama rula, na kwa kufuata sheria ya tatu ameshapimwa mara nne na kutengenezewa mara nne, namba ikibaki ile ile. Tangu mwanzo waliahidiana kwamba siku kazi ikiisha, kila Jumamosi asubuhi watakwenda wawili mpaka darajani na kurudi, bila mteja, bila haraka. Miaka thelathini na mmoja mama huyu amekwenda darajani peke yake, kwa kuwa kila Jumamosi palikuwa na fremu ambayo ni bado kidogo. Siku yenyewe ilikuwa inakaribia, na mume ametundika baiskeli.

Mama hakulalamika. Alimwalika tu yule mtaalamu aje kupimwa gauni, na alipokuja akampitisha uani kwa njia ya mzunguko. Mtaalamu alisimama mbele ya Kombo, akainama, akafumba jicho moja, akacheka mpaka akashika ukuta. "Mnanileteaje mwenye afya mkamwacha mgonjwa nyumbani?" alisema. "Mgonjwa ni huyu hapa." Kisha akaeleza, kwa namna iliyonifurahisha mimi mwalimu, kwamba mtu anayevuta kulia miaka yote hiyo huku amejinyoosha kufikia usukani uliowekwa kwa kijana, mgongo wake umekuwa na subira kuliko haki yake. Akipata fremu inayomwenea, aanze taratibu, yeye mtaalamu hana kipingamizi.

Tatizo likawa moja: Fundi hakutaka kupimwa. Tulimwomba, akasema wateja kwanza. Mkewe alimwomba, akasema, "Bado kidogo, mama." Nadhani tulielewa sote. Amewaambia watu mia nne ukweli wa miili yao, na wake alikuwa anauogopa.

Basi tukapanga njama, na kama mchoraji ninakiri kwamba nilikuwa kiongozi wake. Nilimwambia ninaandaa kijitabu cha namna ya kupima, ili ujuzi wake usipotee, na ninahitaji picha ya mtu aliyekaa vizuri juu ya farasi. Hilo hakuweza kulikataa. Akapanda, mimi nikachora, na Kimya akakaza skrubu kumfuata. Kimya ndiye fundi wetu wa kulehemu, mwanamke aliyefanya kazi hapa miaka kumi na mmoja, na maneno yake yote ya miaka hiyo yangeenea kwenye bahasha. Hofu yetu ilikuwa kwamba Fundi, kwa mazoea, akishuka tu angezilegeza skrubu zote, kama afanyavyo siku zote. Kwa hiyo mara tu mguu wake ulipogusa sakafu mkewe akaita kutoka chumba cha mbele: "Baba, njoo unishikie ngazi, naanguka!" Akakimbia. Kimya akasoma namba, mimi nikaziandika. Kichwa cha karatasi zetu huwa ni kazi ya mteja, nasi kwa ujanja tukaandika "Bwana shamba," tukaitundika kwenye msumari pamoja na nyingine.

Kesho yake asubuhi nilikuta karatasi ile imeguswa. Kipimo cha kufikia usukani kilikuwa kimekatwa kwa mstari mmoja wa penseli, na pembeni, kwa mwandiko ninaoujua kuliko wangu, palikuwa na maneno haya: "Punguzeni milimita kumi na mbili. Bwana shamba huyu alijinyoosha kwa kuwa alikuwa akichorwa. Mgongo wake una miaka sitini na mitano, si thelathini na minne."

Niliisoma mara mbili. Kimya aliisoma mara moja, akafunga aproni, akawasha moto. Mpaka rangi alikwenda kuchagua rangi bila mzaha hata mmoja, na hilo liingizwe katika kumbukumbu za karakana.

Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, Fundi amekwepa chumba cha uani kila Kimya alipokuwa kazini na fremu hiyo. Ghafla amependa maua. Amemwagilia bustani mpaka imeomba huruma. Amepaka rangi geti lililokuwa halina shida. Anajua, anajua kwamba tunajua, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Sasa nageuka kwako, Fundi, kwa kuwa najua umeketi mstari wa mbele na umeanza kufuta miwani isiyo na vumbi. Asante kwa kutufundisha kusubiri chuma. Asante kwa ndoo uliyotuachia ya kukalia. Asante kwa mama, aliyekuazima mwiko bila kujua, na kukuazima kwetu kwa Jumamosi zote hizo huku akijua kabisa.

Nyuma ya pazia lile la maua iko fremu namba mia nne na kumi na tatu, imeshafungwa magurudumu. Kimya ameilehemu kiungio kimoja kushoto, kimoja kulia, na vikombe vinane amevinywa vyote ingawa chai haipendi. Ina milimita kumi na mbili zako. Haijagongwa. Tulikubaliana kwamba hakuna kati yetu mwenye sikio la kukutangulia, kwa hiyo mwiko uko mezani mbele yako, na Kimya amesimama kando ya pazia akijifanya anatazama dari. Ukimaliza kusikiliza, tafadhali mwambie kwa sauti kama imeimba. Amengoja miaka kumi na mmoja, na yeye hataulizia.

Kesho ni Jumamosi. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi baiskeli nyekundu itakuwa getini, na mwenyewe ameshatangaza kwamba safari hii hasubiri mtu. Tunakutakia barabara kavu, upepo wa kukusukuma, na chai ambayo haina kazi ya kupoza kitu. Na mtu akikusimamisha njiani akakuuliza kama umekwisha kuzeeka, jibu unalo. Umelifanyia mazoezi miaka thelathini na mmoja.