Mama Ezekia, Aliyemwashia Mgonjwa Ubani

Ndugu mliokuja kutufariji, tunayemzika leo, tarehe 11 Agosti 1977, ni Tekla Jailos, ambaye wengi mlimwita Mama Ezekia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1924 hapa Iyunga, mtoto wa tatu wa Mzee Jailos na Mama Marta. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha ili awalee wadogo zake. Mwaka 1943 alifunga ndoa na Yotamu, fundi seremala, wakajaliwa Ezekia na Yudith. Yotamu alifariki mwaka 1966.

Mwaka 1970 marehemu alikwenda Iringa kufanya kazi za nyumbani kwa Mwalimu Wijesena, mgeni kutoka Ceylon aliyefundisha hesabu sekondari. Mwalimu alikuwa Mbudha. Kila asubuhi aliwasha vijiti vitatu vya ubani mbele ya sanamu ndogo ya Buddha, akainamisha kichwa, akaenda kazini. Marehemu aliogopa sana moto, basi mwalimu akishatoka alivizima kwa maji. Miezi miwili mwalimu alikuta vijiti vimelowa, asiseme neno. Siku alipouliza, alijibiwa, “Baba, ningekuachia nyumba iungue?” Alicheka mpaka akakaa chini. Toka hapo aliwasha mapema, akasubiri viishe.

Marehemu naye alimuuliza ule moshi anamlisha nani. Mwalimu akamweleza kuwa halishi mtu. Buddha alikuwa mwalimu wao, na ubani ni shukrani kwake, kwa mafundisho yake na kwa watawa wanaoyatunza. Harufu yake humkumbusha mtu aishi vizuri, wema wake uwafikie hata asiowajua. Kijiti kikiisha, humkumbusha kuwa naye ataisha.

Oktoba 1974 mwalimu aliugua malaria kali, na ilikuwa siku ya kumkumbuka mama yake mzazi. Alijaribu kuwasha, kiberiti kikamwanguka. Marehemu akakiokota, akamwashia vijiti vyote vitatu. Jirani aliona dirishani, habari ikafika kanisani, na Mzee Filemoni, kiongozi wa wazee wa kanisa la huko Iringa, akamtenga na Meza ya Bwana.

Mwaka 1975 mwalimu alirudi kwao, na marehemu akarudi Iyunga. Adhabu ile ilimfuata hata huku; kila Jumapili alikaa benchi la nyuma, wenzake wakienda mezani yeye akibaki. Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba. Maumivu aliyavumilia. Alichoogopa ni kufa akiwa ametengwa.

Mwezi Julai Mzee Filemoni, aliposikia anaumwa, alipanda basi kutoka Iringa, akaketi kando ya kitanda.

“Mama Ezekia, unajutia ule ubani?”

“Kumsaidia mgonjwa, hapana, baba. Ninachojutia ni kuwaacha na wasiwasi bila kuja kuwaeleza.”

Mzee akasema, “Na sisi hatukukuuliza.”

Jumapili tarehe 31 Julai alishiriki Meza ya Bwana kitandani, Mzee Filemoni akimshikia kikombe. Tarehe 9 Agosti, saa mbili asubuhi, alifariki akiwa usingizini.

Tunawashukuru wauguzi, majirani, Mwalimu Wijesena huko aliko, na wewe Mzee Filemoni kwa safari ile.

Ameacha watoto wawili, Ezekia na Yudith, wajukuu watano na mdogo wake Anania.

Alale kwa amani mama yetu. Ameondoka akiwa mmoja wetu.