Fundi Pima, Aliyetoa Ushahidi dhidi ya Mwanawe

Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na leo zamu imemfikia kaka yangu mkubwa, mshona suti ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Pima. Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa kwanza wa mwashi.

Alisoma hadi darasa la saba, na jioni madrasa. Huko tulihifadhi aya inayomwamuru Muislamu ashuhudie haki hata dhidi ya nafsi yake na jamaa zake. Wengi wetu tuliihifadhi mdomoni tu.

Alianza kushona mwaka 1968. Siku moja alimwita bwana harusi aliyekwisha kuondoka na suti yake: "Ndugu yangu, suruali hiyo nimeikosea. Ukiivaa, wakwe watadhani umeazima." Bwana harusi mwenyewe hakuwa ameona kitu. Shemeji yangu, aliyeolewa naye mwaka 1976, alizoea kututania: "Mafundi wengine hukimbiza wateja kwa uongo, wangu anawakimbiza kwa ukweli."

Jioni ya tarehe 9 Juni 2013 muuza maziwa aligongwa akafa, na gari likakimbia. Kesho yake askari walikuja kwa kaka kuuliza kama gari la mwanawe lilikuwa uani saa hizo. Shemeji aliwahi kujibu, "Lilikuwa hapa hapa." Kaka akasema, "Halikuwepo. Lilirudi magharibi nikitawadha, taa ya mbele imevunjika." Akayarudia hayo mahakamani. Kijana alifungwa miaka sita. Kaka alikwenda gerezani kila mwezi, na mwanawe hakutoka kumwona hata mara moja. Msikitini walimsifu; nyumbani alikula peke yake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Mwaka jana figo zake zilishindwa kazi. Ushahidi hakuujutia, ila alitamani mwanawe amsamehe kabla hajafa. Nilimwendea huyo kijana, anapoishi mtaa wa pili tangu atoke gerezani. Alinijibu dirishani, "Ba'mdogo, mimi sina baba."

Alasiri ya tarehe 4 Februari 2026 kaka aliuliza, "Amekuja?"

Shemeji akamshika mkono. "Yuko njiani, baba watoto."

"Usijitie dhambini kwa ajili yangu, mama watoto," akasema, akafumba macho. Hakusema tena.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na mwana mmoja wa kiume. Mwana ndiye aliyestahili kushuka kaburini kumpokea baba yake. Leo tutashuka mimi na jirani. Mwenyezi Mungu amrehemu, apumzike kwa amani ambayo nyumbani kwake hakuipata tena.