Fundi Mizani na Sukari ya Alfajiri

Ndugu wafiwa na majirani, Mungu awalipe kwa kuja. Kaka yetu, ambaye mji mzima ulimwita Fundi Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, akiwa wa kwanza kati ya watoto watatu, akasoma shule ya msingi hadi mwaka 1965, na mwaka 1968 akaingia karakana, ambako kwa miaka arobaini na mitatu alirekebisha mizani za maduka, na wauza nyama wenye mkono mwepesi wakimwona walifunga mapema.

Alifunga ndoa tarehe 8 Agosti 1976 na shemeji yetu huyu aliyeketi mbele, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba.

Mwaka 2009 aligundulika ana kisukari. Alijichoma sindano bila kukosa, akaacha chai ya sukari aliyoipenda mno, lakini kila asubuhi akijitoboa kidole kipimo kilikuwa juu, na hapa hatuna budi kukiri mbele za Mungu kwamba sisi wa nyumbani tulimwona mwongo. Mdogo wake, huyu anayewasomea, ndiye aliyechora alama ya penseli kwenye kopo la sukari, na sukari ilipokutwa haijapungua, akasema basi anakula kwa jirani. Mtu aliyeishi kwa kuumbua wapunjaji, tukamwita mpunjaji ndani ya nyumba yake, naye akawa anakula peke yake chumbani.

Tarehe 3 Juni 2019 daktari wa kliniki alimbandika mkononi kidude kama kifungo cha koti, kinachosoma sukari usiku na mchana kwa siku kumi na nne, akamwagiza aandike kila anachokula. Siku ya majibu tulimsindikiza, wengine, Mungu atusamehe, tukitaka kumwona akiumbuka. Daktari akatuonyesha mstari kwenye karatasi, usiku umetulia, saa kumi alfajiri unaanza kupanda wenyewe, mwenyewe kalala, hajatia kitu mdomoni, akaeleza kwamba ini humwaga sukari mtu akikaribia kuamka, na mwili wa mwenye kisukari hushindwa kuizuia. Shemeji akalia. Kaka akasema tu, "Basi leo jioni mniite mezani."

Tukamwita. Daktari akabadili sindano na saa yake, na muda ambao sukari ilikaa katika kiwango kinachotakiwa, uliokuwa thelathini na nane kwa mia, kufikia Desemba ukawa sabini na moja, naye akaishi miaka sita mizuri, macho yakiona, miguu mizima, akisindikiza wajukuu shule. Hata muuguzi wa kliniki alituambia kwamba siku hizi hamgombezi mgonjwa kabla ya kutazama mstari wake.

Tarehe 22 Mei 2025 alishikwa na homa ya mapafu, akalazwa, na tarehe 29 Mei, saa nne asubuhi, Mwenyezi Mungu akamchukua, watoto wote wakiwa kando yake.

Tunawashukuru daktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani wote, hasa yule tuliyemsingizia kumlisha.

Pumzika kwa amani, kaka, tulichelewa kukuamini, lakini tulikuamini ukiwa hai.