Walisema Kamera Yangu Inaua

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Shikamooni wazee wangu. Mimi ni Bhoke, wa hapa hapa Nyakunguru, yule mpiga picha wa mastaa. Wanamuziki, wachezaji mpira, wachekeshaji, wote walinitafuta niwapige picha za mabango yao.

Ndugu zangu, jaribu lilianzia msibani. Mwimbaji mmoja maarufu, mpiga ritungu, ile ala yetu ya nyuzi, aliugua akafa, na picha iliyotangulia mbele ya jeneza ilikuwa yangu. Hatujakaa sawa, mchekeshaji mmoja akapata ajali ya pikipiki huko Sirari. Picha ya msibani, yangu tena. Basi maneno yakaanza: "Ukipigwa picha na Bhoke, andaa jeneza." Mastaa wakaacha kupokea simu zangu. Hata maharusi walijifunika nyuso wakiniona!

Na mimi, ndugu zangu, nikaamini. Hapo ndipo shetani aliponishika. Mwanangu alipobatizwa, kila mzazi alipiga picha kwa simu yake. Mimi niliogopa hata kumwelekezea mwanangu simu. Nililia sana siku ile.

Ndipo akaja Mama Wankuru, mwimbaji wetu wa injili, anayejulikana mpaka upande wa Kenya. Moyo ulikuwa unamsumbua, anatembelea fimbo. Nikadhani amekuja tuombe. Akakaa kwenye kiti, akafunga kilemba chake vizuri.

"Mwanangu, nipige picha. Nataka ya kuwekwa kwenye jeneza langu."

Nikasema, "Mama, siwezi. Utakufa."

Akacheka. "Nitakufa, ndiyo. Kwani uhai wangu ulinipa wewe? Fanya haraka, kiti chako kinaniumiza."

Tukaomba, nikampiga akiwa bado anacheka. Mama alifariki kabla ya mavuno, na macho yote yakanigeukia. Lakini ile hofu niliitafuta moyoni nisiione! Nikaibeba mwenyewe picha yake, mbele ya jeneza, tangu nyumbani hadi kaburini. Watu walipomwona anavyocheka pichani, nao wakacheka huku wanalia. Jioni ile nikamwita mwanangu, nikampiga picha yake ya kwanza.

Mungu ndiye anayetoa pumzi, na ndiye anayeichukua. Namshukuru! Mastaa hawajarudi wote, sitawadanganya. Lakini ibada ikiisha nitakuwa pale nje na kamera. Anayemwamini Bwana na aje. Anayeogopa na aje vilevile, tutaomba kwanza.